Mwaka wa Funguo za Kijivu

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana majirani wa zamani wa mtaa wa Mbotela wakisoma haya wasiukute mwanzoni, watasema nimeuficha. Mwaka mmoja katikati ya miaka ya themanini, nikiwa mtu mzima niliyemaliza kidato cha nne na kupasi sayansi, niliamini kwamba ufunguo uliochorwa katika mchezo wa video, ukiupandisha juu ya kioo cha televisheni, hugeuka buluu, ukiushusha chini huwa kijani, na ukiusimamisha katikati huwa mwekundu. Afadhali ningeamini nikanyamaza. Mimi nilifundisha. Niliwakalisha watu wenye watoto wao kwenye kochi la dada yangu, nikawaeleza kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba siri ya mchezo ule ni kubeba ufunguo polepole, ili rangi ipate muda wa kukolea. Na mbele ya kioo, wazi kabisa, ilikuwa imebandikwa ile karatasi ya plastiki waliyokuwa wakiuza wachuuzi siku zile: buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini. Ukiibandika, televisheni isiyo na rangi inakuwa ya rangi. Msomaji wa habari alikuwa na paji la buluu, mashavu mekundu na tai ya kijani kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini hanunui tai nyingine.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Mama Njoki, aliyekuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Baada ya kaburi tulikalishwa chini ya turubai, tukapewa wali na nyama ya ng'ombe na soda ya moto, na mshereheshaji akaniita niseme neno kwa niaba ya majirani. Nilishika maiki nikasema marehemu alikuwa mpole wa kauli. Turubai zima likacheka, mpaka padri. Niliporudi nyumbani sikuweza kulala wala kula. Nikawasha mashine ya michezo ya mwanangu, ambayo ananiachia akisafiri, nikaumaliza mchezo niliokuwa nimeuanza wiki za nyuma. Ni mchezo wa mwanamke anayefufua shamba lililokauka. Ni mzuri, sina neno, rangi zake ni kama duka la vitenge, ila una huruma mno kwa mchezaji: ukikosea unakurudisha hatua moja tu nyuma, ukichoka unakutunzia ulipofika, na ukikwama unakunong'oneza la kufanya. Mwishoni majina ya waliouunda yakaanza kupanda kiooni, mengi kama ya waliochanga kwenye mazishi, nami nikajikuta nawaza: Mama Njoki angeona hii angeuliza kazi iko wapi.

Basi, mwaka wenyewe. Nilikuwa nikiishi kwa dada yangu Selina na mumewe, Shemeji Wekesa, karani katika ofisi ya reli. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia la maua: nyuma ya pazia kitanda chao, mbele ya pazia kila kitu kingine duniani. Jiko lilikuwa kando, dogo kiasi kwamba ukigeuza ugali unapiga ukuta kiwiko. Dada alikuwa mfumaji wa vitambaa asiye na breki. Makochi yalikuwa na vitambaa, redio ilikuwa na kitambaa, chupa ya chai ilikuwa na sketi. Televisheni ilikaa ndani ya kabati lake la mbao lenye milango miwili, na juu ya milango kikateremka kitambaa kikubwa kuliko vyote, cheupe, chenye picha ya tausi. Ilikuwa televisheni ya pekee katika laini yetu ya nyumba, na ikifika saa ya habari majirani walikuwa wanaingia bila kubisha, wanasema "hodi" wakiwa tayari wameketi. Mimi nililala kwenye kochi refu, kwa hiyo kila jioni kitanda changu kilikaliwa na wageni, na nililala kwenye joto la makalio ya watu wazima wenye heshima zao. Sikulalamika. Mimi ni mtu wa ndani. Tangu utotoni, ukiniambia twende mahali, kwanza nauliza tutarudi saa ngapi.

Mashine ililetwa na rafiki wa Shemeji, Kimani, fundi wa redio na televisheni kwenye barabara ya Jogoo. Alikuwa amepata kazi Mombasa, kutengeneza televisheni za hoteli, na chumba chake kilikuwa kimevunjwa na wezi mara nyingi hata yeye mwenyewe alikuwa haoni haja ya kufunga. Aliingia nayo ikiwa imefungwa kwa shuka: kisanduku cheusi, waya wa kuchomeka nyuma ya televisheni, kishikio kirefu ambacho watoto wa laini waliita gia, na kaseti tatu nene za plastiki zenye michezo ndani.

"Shemeji wa Wekesa," akaniambia, "nikirudi mwisho wa mwaka nataka niikute nzima. Cheza, lakini usimwagie chai."

"Na hii ya tatu ni ya nini?" nikauliza, maana kaseti ile ilikuwa imefutika karatasi yake.

"Hiyo ni jumba. Kila mlango una rangi yake, na ufunguo wake wa rangi hiyo hiyo. Ukifungua kwa ufunguo usio wake, mlinzi anakuja anakubeba, unaanza upya kutoka langoni. Huko juu darini kuna taa. Ukiiwasha, umemaliza. Mimi sijawahi. Sijaona aliyewahi." Kisha akaitazama televisheni yetu na plastiki yake, akacheka hata akashika mlango. "Lakini na hii TV yenu ya rangi, wewe utaweza tu."

Nilichukua maneno hayo kama sifa. Nilisema asante.

Kaseti ya kwanza ilikuwa ya ndege inayopiga mawe yanayoanguka kutoka mbinguni. Nilikuja kugundua haina mwisho. Mawe yanaanguka, unayapiga, yanaanguka mengine, kama kuosha vyombo. Niliicheza kwa ukaidi mpaka ile namba ya alama pale juu ikajaa, ikashindwa kuongezeka, ikarudi sufuri zote. Nikamwita Shemeji aje ashuhudie. Aliinama, akasoma zile sufuri, akasema, "Hongera, Roda. Umefanya kazi mpaka ukawa huna kitu." Ya pili niliipenda. Ilikuwa ya fundi wa bomba anayepanda mnara wa tangi kuziba matundu ya maji, ngazi baada ya ngazi, na ukifika juu anageuka anakupungia mkono. Mkono ule ulinigusa, sijui kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwona fundi wa bomba akifika siku aliyoitwa, akimaliza kazi, akiondoka bila kuomba nauli. Niliumaliza kabla ya mvua ndefu, na kwa muda wa juma zima nilitembea hapo ndani nikijihisi mtu.

Raha hiyo ilikatwa na mchele. Nilikuwa jikoni nachambua mawe, dirisha liko wazi, na Mama Njoki alikuwa amesimama mlangoni kwa Dada na kikapu chake. Yeye aliuza sukuma wiki na nyanya karibu na soko, na zile zilizobaki jioni alizipitisha nyumba kwa nyumba pamoja na maoni yake.

"Selina, hebu niambie. Huyu mdogo wako huwa anafanya nini mchana?"

"Anasubiri," Dada akasema.

"Anasubiri nini? Basi?"

Dada akacheka kidogo, kisha akaacha. "Tulimpeleka kozi ya taipu, akaacha. Nikamnunulia nyuzi afume sweta, akafuma mkono mmoja. Aliingia kwaya, akasema madhabahu ina baridi."

"Hiyo inaitwa uvivu. Sema neno lenyewe, halitakuuma meno."

"Ni mtoto mzuri, Mama Njoki."

"Sijasema ni mbaya. Nimesema ni mvivu. Mtu mzuri anaweza kuwa mvivu mpaka azeeke."

Nikasikia Dada akishusha pumzi. "Krismasi tukienda nyumbani, nafikiri nitamwacha kwa mama. Wekesa hajalalamika, lakini kulisha mtu anayeanza tu, anaanza tu..."

Nilibaki na punje za mchele mkononi. Kuachwa nyumbani, kwa msichana wa umri wangu, kulikuwa na maana moja: ningeolewa na mwanamume wa kwanza atakayepita na baiskeli yenye breki. Na lililoniuma zaidi ni kwamba hawakuwa wamesema uongo. Nilitafuta kichwani kitu kimoja nilichowahi kukimaliza, kikubwa, ambacho hakuna aliyenisimamia kwa fimbo. Nikampata yule fundi wa bomba. Leo nikieleza watu hucheka, nami huwaacha wacheke, lakini siku ile jikoni niliapa mbele ya mchele kwamba Kimani hatarudi kabla sijawasha ile taa. Kama ningeacha hilo nalo, basi Mama Njoki angekuwa amenisoma sawa, na ningefunga mwenyewe sanduku langu la kwenda nyumbani. Ningeweza kuapa kurudi taipu, najua. Mtu haapi anachotaka, anaapa kilicho karibu.

Ndipo ikaanza ile elimu yangu ya karatasi ya plastiki. Milango ya juu ya jumba ilikuwa ya buluu, ya kati myekundu, ya chini ya kijani, kama kila mtu alivyoona. Funguo zilikuwa zimetapakaa vyumbani, na kila mchezo zilikaa mahali tofauti. Nikaona kwamba ufunguo nilioukuta chini, wa kijani, nikiupandisha unakuwa wa buluu. Basi nikahitimisha, na nikaanza kubeba ufunguo wowote hadi mlango wowote. Mlinzi alinibeba kutwa. Lakini mara mojamoja, kwa bahati tu, mlango ulifunguka, na huko kufunguka ndiko kulikoniharibu, kwa sababu nilianza kutafuta kosa katika mwendo wangu: nimekimbia mno, sikutulia pale kwenye mpaka wa rangi, nimeingia kwa mguu wa kushoto. Nilimfundisha Shemeji, nikamfundisha mwalimu wa Jumapili, nikawafundisha wanawake wawili waliokuja kusikiliza habari wakakuta bado sijaachia kioo. Mmoja wao aliniuliza swali ambalo lingeniokoa. "Na wewe mwenyewe ukipanda juu, mbona uso wako unakuwa wa buluu?" Nikamjibu kwamba ni baridi ya ghorofani.

Aliyenifungua macho ni Dada, kwa sabuni. Ilikuwa Jumamosi ya usafi. Alivua vitambaa vyote, akavua mapazia, na kwa kuwa alikuwa ameshashika kasi akabandua na ile plastiki, akaitia beseni moja na tausi. Mimi nilikuwa nimetumwa mafuta ya taa. Niliporudi nikawasha mashine, na jumba zima lilikuwa kijivu. Lango kijivu, funguo kijivu, mimi kijivu. Nilikwenda nyuma ya nyumba mbio, Shemeji yuko pale anakunywa chai juani, nikamwambia maneno ambayo alinirudishia katika kila harusi na kila matanga mpaka alipostaafu:

"Shemeji! Dada amefua rangi za mchezo!"

Chai ilimtoka puani. Alipoweza kusema, alinishika mkono akanipeleka kwenye kamba ya nguo, ambako plastiki ilikuwa inaning'inia kati ya shuka mbili, inadondosha maji, buluu na nyekundu na kijani. Akaiinua mbele ya uso wangu. "Roda. Tazama nyumba ya Mama Njoki kupitia hapa. Paa lake ni la buluu?" Nikatazama. Lilikuwa la buluu. Nikatazama nje ya plastiki. Lilikuwa la kutu. Nilisimama pale nikikumbuka kila mtu niliyemfundisha, mmoja mmoja, na sauti niliyotumia.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Nami nilikuwa na sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo za kuacha: mchezo unahitaji rangi, na televisheni haina. Ni kama kuambiwa uchague chumvi kwa kunusa. Lakini niliposikia Dada akimwambia mumewe kwa upole, "Basi sasa atauacha," kuna kitu kilinikaza shingo. Jumatatu, walipokwenda kazini, nilivuta kigoda hadi karibu na kioo, nikaanza kusoma kijivu.

Na kijivu, nawaambia, si kimoja. Nilizungusha kitufe cha mwanga nyuma ya televisheni, nikazungusha cha weusi na weupe, mpaka milango ikaachana kidogo. Kulikuwa na kijivu cha majivu ya jiko. Huo ulikuwa ufunguo wa njano, ingawa majina ya rangi zenyewe nilipewa na Kimani baadaye. Kulikuwa na kijivu cha sweta ya shule iliyofuliwa mno; huo wa buluu. Jinsi nilivyojua ni kwa kubebwa na mlinzi. Nilipeleka ufunguo mlangoni, nikakosea, nikaanza langoni, nikapeleka mwingine, nikakumbuka. Nilikula ugali wa jana nikiwa pale pale, na maziwa ya mgando, mkono mmoja kwenye gia. Shida ilibaki kwa mwekundu na wa kijani. Hizo mbili zilikuwa kijivu kile kile, cha ukoko wa sufuria, hata ungezungusha vitufe mpaka kidole kitoke ngozi. Na milango yao ndiyo iliyokuwa mwisho, ghorofa ya juu, baada ya kazi yote. Nilifika pale mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, nikabahatisha, nikabebwa.

Mama Njoki aliingia mchana mmoja na nyanya zake, akanikuta pua imegusa kioo.

"Wewe! Hiyo kitu itakumeza. Unatafuta chawa?"

Nilitaka kumjibu, lakini neno lake lilinishika, maana ufunguo niliokuwa nautazama ulikuwa kweli unatambaa. Ukiwa karibu kiasi kile, uliona vidoa vidogo sana ndani yake, vinapanda, vinapanda, kama sisimizi kwenye ukuta. Ule mwingine ulikuwa umetulia. Nikaupeleka wa sisimizi kwenye mlango wa kulia. Ukafunguka. Mlinzi akanibeba kabla sijafika mlango wa pili; kesho yake nikaanza mchezo mzima upya, nikaupeleka tena. Ukafunguka tena. Sikujua sisimizi wale wametoka wapi, na miaka mingi baadaye Kimani ndiye aliyenieleza kwamba rangi, hata televisheni isipoijua, haikosi kuacha alama, na nyekundu huacha kubwa kuliko kijani. Siku ile ya kwanza, mlango ulipofunguka tu, nilimgeukia Mama Njoki nikamkumbatia pamoja na kikapu. Akanisukuma. "Nyanya zangu!" akasema. "Mvivu mkubwa wewe, unavunja watu mbavu!"

Bado jumba lilikuwa refu. Kutunza ulipofika hakukuwezekana: ukizima, umezima. Kuanzia langoni hadi darini ilikuwa kazi ya mchana mzima bila kosa, macho yakitoka machozi, na mwaka ulikuwa unakwisha. Kisha Shemeji akaja na habari kwamba Kimani amepiga simu ofisini: anarudi, na Jumapili atapitia kuchukua mashine yake, kuna mtu atampa lifti. Jumapili hiyo hiyo, ilikuwa zamu yetu kupokea akina mama wa ushirika, wale wanaosali nyumba kwa nyumba, na kiongozi wao alikuwa Mama Njoki.

Nilitoka misa ya kwanza mbio, mimi nisiyekimbilia hata basi. Nikawasha. Siku ile mkono wangu ulikuwa wa mtu mwingine. Nilipita vyumba vya njano, nikapita vya buluu, sikubebwa hata mara moja, nikafika ghorofa ya juu, nikafungua mlango wa sisimizi, na mbele yangu ukabaki mmoja tu. Ufunguo wake ulikuwa chumba cha nyuma. Nikageuka kuufuata, na hapo sauti za akina mama zikaanza kuimba nje ya mlango.

"Roda, zima," Dada akasema, akiwa na trei ya vikombe.

"Dada, umebaki—"

"Zima hiyo kitu watu wa Mungu wako mlangoni!"

Mchezo ule haukuwa na pa kusimama, lakini nilijua jambo moja: mlinzi haingii chumba kisicho na ufunguo. Nikamsogeza mtu wangu hadi chumba kitupu, nikanyonga sauti, nikafunga milango ya kabati, nikashusha tausi juu yake. Nilikuwa nimefunika. Sikuwa nimezima.

Sijawahi kusali kwa bidii kama siku ile, na sikusikia neno. Niliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, nikihisi joto la mashine kupitia mbao. Ilikuwa inanguruma kidogo, kama paka aliyeshiba. Mama Njoki aliombea wagonjwa, akaombea wajane, kisha akafungua jicho moja, akaniangalia, akaombea "vijana ambao mikono yao imelala usingizi." Akina mama wakasema amina kwa nguvu. Katikati ya amina hiyo Kimani akaingia, akavua kofia, akaketi karibu na mlango na kuinamisha kichwa. Niliona macho yake yakiufuata waya, kutoka ukutani, chini ya kitambaa, hadi ndani ya kabati. Akauma mdomo asicheke.

Sala ilipokwisha chai ikamiminwa, mandazi yakazunguka. Kimani akasimama na kikombe chake. "Akina mama, samahanini, mwenye gari ananingoja hapo nje. Nachukua tu kale kamzigo kangu niende."

"Ngoja nikutolee," Dada akasema, akaja na kushika tausi.

Nikaushika mkono wake. Mbele ya wageni, mbele ya ushirika, nikaushika. "Usizime, Dada. Bado inawaka."

Dada akawa mwekundu, na safari hii hapakuwa na plastiki. "Ilikuwa inawaka tukisali?"

"Ndiyo."

"Roda! Huoni hata aibu?"

"Naona. Lakini umebaki mlango mmoja. Akiichukua sasa, nitakuwa nimeacha tena." Mkono wake sikuuachia. "Nilikusikia, Dada. Ile siku ya mchele. Niliapa hiki nitakimaliza. Najua ni upuuzi. Nipeni nimalize upuuzi wangu, kisha mnipeleke mnakotaka."

Mama Njoki akaweka kikombe chini. "Kijana," akamwambia Kimani, "huyo mwenye gari amekula?"

"Sijui, mama."

"Mpelekee mandazi umwambie anywe chai. Selina, toa hilo tausi tuone ni kitu gani kimekaa na sisi kwenye maombi."

Milango ikafunguliwa. Mtu wangu alikuwa amesimama pale pale, katika chumba chake kitupu, kama mtumishi aliyesahauliwa. Nikamwendesha hadi chumba cha nyuma. Huko kulikuwa na funguo mbili, zote za kijivu cha ukoko, na mlinzi tayari alikuwa anakuja kutoka upande wa ngazi. Nikasogeza pua hadi kwenye kioo. Nyuma yangu akina mama walikuwa wananong'ona. "Ni yupi, huyo wa juu?" "Mwacheni aone." "Atapofuka." Macho yalikuwa yamejaa maji, nikayapangusa kwa bega. Wa kushoto ulikuwa unatambaa. Huo ulikuwa mwekundu, na mlango mwekundu nilikwisha ufungua. Nikachukua wa kulia, uliotulia, nikakata kona mlinzi akiwa nyuma yangu kabisa, mama mmoja akapiga kelele, "Yesu, anamshika!" na nikaugonga ule mlango kwa mwili mzima, kana kwamba ni mimi ninayekimbia.

Ukafunguka. Ndani kulikuwa na chumba kidogo na kitu kama birika, ndiyo ile taa. Nikakigusa. Jumba lote likawaka weupe, likazima, likawaka, likatoa sauti moja nyembamba ya filimbi, kisha likarudi langoni kama vile hapajatokea kitu. Hapakuwa na jina langu wala pongezi. Niliweka gia chini, vidole vikabaki vimejikunja.

"Kwa hii TV?" Kimani akasema kutoka mlangoni, mandazi mkononi. "Kwa hii TV, Roda? Mimi nilikuwa nakutania!"

Dada alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi, kitambaa cha tausi kifuani, ananitazama kama mtu anayesoma barua upya. Mama Njoki ndiye aliyesimama, akajikung'uta makombo kwenye leso, akatangaza mbele ya ushirika wote:

"Kumbe huyu msichana si mvivu. Selina, usimwache popote. Na wewe Roda, umejiharibia: kutoka kesho huna pa kujificha."